Je, wajua kwa nini kompyuta ya gemu Mombasa uanze na pawa saplai?

Mtu akiamua kujenga kompyuta ya gemu ya bei ya kati swali la kwanza huwa ni kadi ya grafiki gani, ile inayochora picha za gemu, na mimi nilikuwa hivyo hivyo, pesa yote nikaimwaga kwa kadi, pawa saplai, lile boksi la kuingiza stima ndani ya kompyuta, nikachukua iliyobaki dukani, nyepesi kama mkebe mtupu wa Kimbo, ubavuni imeandikwa 600W. Siku moja hapa Majengo stima ikapotea, ikarudi, ikapotea, ikarudi tena, mara pah! Harufu ya kuungua chumba kizima. Na haikufa peke yake, iliondoka na mazabodi, ile bodi kubwa inayounganisha kila kitu.

Iko hivi. Stima ya ukutani ni volti 240, na prosesa (ubongo wa kompyuta) na kadi haziwezi kuila hiyo, zataka volti 12 iliyotulia kama ya betri ya gari, sasa pawa saplai ndo inageuza. Ile nzuri ina ulinzi ndani, volti ikizidi au shoti ikitokea inajizima yenyewe. Ile ya bei ya kutupa mara nyingi wamebania hapo hapo, ndo maana haina uzito.

Usiamini namba kubwa. Geuza uisome lebo, tafuta mstari wa 12V uone ni ampea ngapi, zidisha mara 12. Yangu ilikuwa 25A, kwa hiyo wati 300 tu, hizo 600 ni za karatasi.

Mashine yenyewe haili sana: prosesa ya Ryzen 5 5600 ni wati 65, kadi ya RTX 4060 ni 115, jumla 180, weka na feni na diski bado hufiki 300, ila kadi ina tabia ya kuruka, kwa kufumba na kufumbua inavuta zaidi ya ilivyoandikiwa. Nvidia wenyewe, wenye kadi, wanasema 550W kwa kadi hiyo, na 550 ya kweli yatosha kabisa, muuzaji akikusukumia 850 mwambie asante. Halafu muhuri wa 80 Plus wapima tu stima ngapi inapotea kuwa joto, hausemi chochote kuhusu ulinzi, so bado utahitaji UPS, lile boksi la betri linaloshikilia stima ikipotea.

RAM, yaani memori, chukua 16GB lakini vijiti viwili vya 8, prosesa inavisoma vyote kwa pamoja, kimoja cha 16 kinaibana.

Kitu kingine ni joto letu. Feni haitengenezi baridi, inasukuma tu hewa ya chumbani, kwa hiyo kadi inayopanda digrii 45 juu ya hewa, Limuru chumba kikiwa 18 itakaa 63, huku kwetu wakati wa kaskazi chumba kina 32 itagonga 77, kadi ile ile gemu lile lile. Ndo maana kasha la kioo mbele silitaki hata la bure, linaziba hewa, chukua lenye wavu. Ukikaa karibu na bahari chumvi nayo inaingia, inavuta unyevu, vumbi linaganda kama tope, pitisha brashi kavu kila mwezi. Na matundu ya nyuma yaliyo wazi yazibe, mjusi kafiri anapenda sana joto la humo ndani, mimi nishamtoa mmoja amekauka.