Kampeni ya Guandu: vita vilivyoamuliwa na ghala la nafaka

Kampeni ya Guandu ni mfululizo wa mapigano ya mwaka 200 BK kati ya wababe wawili wa kivita wa kaskazini mwa China, Cao Cao na Yuan Shao. Nasaba ya Han ilikuwa imebaki jina tu. Kila mwenye jeshi alijitawalia, na Kaizari Xian mwenyewe alikuwa mikononi mwa Cao Cao tangu 196. Yuan Shao alishika majimbo manne ng'ambo ya Mto Manjano, akimzidi mpinzani wake kwa watu, farasi na chakula.

Mapema tu, huko Baima na Yanjin, Yuan alipoteza majemadari wawili mashuhuri, Yan Liang na Wen Chou. Hakurudi nyuma. Alisonga hadi Guandu, katika Henan ya leo, na hapo majeshi yakakabana kwa miezi. Watu wa Yuan walijenga minara na vilima vya udongo ili wamimine mishale kambini kwa Cao; Cao akaibomoa minara kwa mitambo ya kurusha mawe. Wakachimba njia za chini kwa chini. Naye akawazibia kwa handaki. Lakini nafaka yake ilikuwa inakwisha, na alishaanza kufikiria kuondoka. Mshauri wake Xun Yu ndiye aliyemwandikia avumilie.

Kisha Xu You, mshauri wa Yuan, akahamia kwa Cao na siri nzito: akiba ya chakula cha Yuan iko Wuchao, na ulinzi wake ni legelege. Usiku Cao akatoka na askari 5,000 waliobeba bendera za adui, wakaichoma. Yuan alituma kikosi kidogo tu kuiokoa, akaelekeza nguvu kwenye kambi ya Cao. Hilo ndilo kosa lililommaliza, kuliko hata moto wenyewe: Zhang He na Gao Lan, waliotumwa kuishambulia kambi, walijisalimisha, na Yuan akakimbia kuvuka mto na wapanda farasi wapatao 800.

Kumbukumbu za kale zinadai Cao hakuwa na hata askari 10,000 dhidi ya zaidi ya 100,000. Pei Songzhi, mwanahistoria wa karne ya 5, aliitilia shaka hesabu hiyo, na kwa haki. Mshindi hupenda kuonekana alikuwa mnyonge.

Yuan alifariki 202. Wanawe Tan na Shang wakapigana wao kwa wao, Cao akauteka mji wao wa Ye mwaka 204.