Wali uliomwagwa uani unashibisha kunguru

Wiki hii nimeambiwa tena: "Mimi ndege nawalisha. Kila jioni namwaga makombo ya wali uani, wanajaa." Wanaojaa ni kunguru! Nimechoka kumjibu kila mtu peke yake, basi naandika hapa.

Nasema yule mwenye shingo ya kijivu. Wetu wa asili, mwenye kifua cheupe, siku hizi mjini humwoni ovyo. Huyu wa kijivu kwao ni Bara Hindi. Aliletwa Unguja miaka ya 1890 ale taka za mji, akaenea Dar es Salaam, Tanga, Mombasa hadi Malindi. Mbali na watu haishi. Riziki yake ni jaa, soko, matumbo ya samaki, na huo wali wako.

"Lakini hata shomoro na tetere wanadonoa." Wanadonoa, ndiyo. Shida ni kwamba kunguru akishashiba kwako haondoki. Anakaa juu ya antena, anaangalia nani anapita na mdudu mdomoni na anaelekea wapi. Kiota cha chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua, ni kifuko kinachoning'inia nchani mwa tawi, nyasi zimeshikwa kwa utando wa buibui, mlango uko ubavuni. Kunguru hahangaiki na mlango. Anashika tawi, anachana ubavu, anatoa kinda mmoja mmoja huku mama analia pembeni. Viota vya mnana, ndege msusi wa viota, kwenye minazi anavifanyia vivyo hivyo. Hilo ndilo linaloniuma ninapoona sinia la wali linamwagwa kwa nia njema kabisa.

Halafu makinda hayakuzwi kwa wali. Hata mnana na shomoro, walaji wa nafaka, watoto wao huwaletea wadudu. Kwa hiyo acha kupulizia dawa ya wadudu kila jani. Panda mshubiri, usikate ua la mgomba, chozi watakuja wenyewe. Papai moja liache liivie mtini, shore watalimaliza. Maji weka kwenye sahani ya udongo, kina cha vidole viwili, na uyabadilishe kila asubuhi. Yakikaa wiki unafuga mbu.

Wengine wananiambia dawa ya kunguru ni sumu. Mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuua kunguru milioni moja. Sipingi kuwapunguza, ila sina imani na sumu peke yake ilhali majaa yako wazi: watakaobaki watapata chakula tele na kuzaa upya. Shaka hiyohiyo ninayo kuhusu ua mmoja msafi katikati ya mtaa mchafu. Ukifunika ndoo yako na jirani akatupa vichwa vya samaki nyuma ya ukuta, kunguru ni walewale. Kabla hujanunua mtama wa kulishia ndege, kaongee na jirani kuhusu hivyo vichwa vya samaki.