Kuhamisha paipu za breki za mafuta, kulia na kushoto, ukiwa nyumbani

Baiskeli nyingi za mtumba zenye breki za mafuta zinazotoka Ujerumani zinakuja na breki ya mbele mkono wa kushoto, na za Marekani ni hivyo hivyo, kule sheria kabisa ndiyo inataka mkono wa kulia uwe wa nyuma. Sasa mtu aliyekulia kwenye Raleigh ya breki za fito, mkono wake wa kulia unajua mbele tu, halafu bodaboda inamkatia ghafla anabana alichozoea, anajikuta kafunga tairi la nyuma na baiskeli inateleza. Ndio maana wateja wananiomba sana niwageuzie, na wengi mnauliza kama inawezekana kufanya wenyewe. Inawezekana bana. Zingekuwa za waya ungegeuza tu basi, ila hizi leva (vile vya kubana kwa mkono) za Shimano nyingi zina upande wake, huwezi kuipindua leva, inabidi ufungue paipu pale pale kwenye leva zote mbili na kubadilishana.

Watu wanaogopa kutoa hewa iliyoingia kwenye mafuta ya breki, mimi nawaambia hewa ni kazi ndogo, kazi yenyewe ni ncha ya paipu. Ukiikata vibaya utatoa hewa mpaka usiku na breki itabaki laini.

Anza kwa kutoa matairi na pedi kabisa, ziweke mbali, pedi ikishanyonya mafuta mimi hata sihangaiki kuichoma wala kuipiga msasa, nanunua mpya. Kwenye kalipa, ile sehemu inayobana breki kule chini, katikati ya pistoni weka kile kiplastiki cha njano au kipande kigumu cha plastiki kinachobana vizuri, maana leva ikibonyezwa bila kitu pale pistoni zinatoka nje. Halafu vuta kikava cha mpira kwenye leva, fungua nati kwa spana namba 8, paipu inatoka.

Pale mwisho utaona olivu, kale kapete ka shaba, kameshabanwa kwenye paipu na hakatoki tena. Kata nyuma yake, kama sentimita moja na nusu hivi. Kwa hiyo kabla hujafungua chochote zungusha usukani mpaka mwisho pande zote mbili uone kama paipu ina nafasi ya kupunguzwa na bado ifike upande wa pili, kama haina nunua paipu mpya usilazimishe, paipu iliyovutika kwenye kona itakuja kuvuja tu. Na kukata ni kwa kikatio chake au wembe mpya wa kisu cha kukatia makaratasi, juu ya ubao, wima kabisa. Koleo HAPANA. Koleo linaminya paipu inakuwa yai, pini, kile kichuma chenye tundu kinachoingia ndani ya paipu, ikiingia inachana ndani, na hilo huwezi kuliona kwa macho.

Sasa mpangilio: kikava cha mpira kwanza, nati, olivu mpya, ndio mwisho unagonga pini. Ukishagonga pini ndio ukumbuke nati iko mezani, pole, unakata tena. Pini lazima izame yote kichwa kiguse paipu, na soma maandishi kwenye paipu yenyewe, BH59 na BH90, aina mbili za paipu za Shimano, tundu zake haziko sawa na pini zake haziingiliani, hata kama muuzaji anakuapia ni zile zile. Ingiza paipu kwenye leva ya upande wa pili, isukume mpaka igote na uendelee kuisukuma huku unakaza nati, Shimano wanasema Nm 5 hadi 7 (kipimo cha nguvu ya kukaza), yaani kwa spana fupi ni mkono wa kawaida sio wa kufungua nati za lori.

Mafuta: Shimano, Magura na Tektro wanatumia mafuta ya madini. SRAM nyingi na Hope ni DOT, mafuta ya breki kama ya magari. Ile chupa ya DOT ya duka la spea za magari ukiiweka kwenye Shimano inavimbisha sili na leva imekufa, na ikidondokea rangi ya fremu inaibabua. Usichanganye hata tone, sirinji pia kila moja na mafuta yake.

Kutoa hewa sasa. Faneli juu ya leva, sirinji kwenye kalipa, fungua nipeli, kale ka kutolea hewa kwenye kalipa, kwa spana namba 7, sukuma mafuta taratibu kutoka chini kwenda juu huku unagongagonga paipu kwa mpini wa bisibisi, mapovu yakiisha funga nipeli kwanza, ndio ubonyeze leva mara kadhaa, ipindishe kidogo mbele na nyuma, kapovu kamoja huwa kanajificha pale.

Kisha funga leva kwa kamba ya mpira ikiwa imebanwa, iache usiku kucha, asubuhi zungushia tishu nyeupe kwenye nati. Ikilowa, kaza kidogo. Ikiendelea, rudi kwenye ncha.

Na kama baiskeli mnaipanda watu zaidi ya mmoja hapo nyumbani, waambie wote leo hii hii kwamba mbele sasa ni kulia, kabla hajatoka nayo mtu.