Asili ya vinasaba na saratani kali ya matiti

Asili ya vinasaba ni kumbukumbu iliyomo mwilini kuhusu watu tuliotokana nao, kuanzia wazazi hadi jamii zilizoishi maelfu ya miaka iliyopita. Hujulikana kwa kupima DNA ya mtu na kuilinganisha na ya watu wa sehemu mbalimbali za dunia. Haifanani na rangi ya ngozi: watu wawili weusi wanaweza kuwa na asili za mbali kabisa.

Jambo hili lina uzito mkubwa katika saratani ya matiti inayoitwa hasi tatu. Saratani nyingi za matiti huwa na vipokezi vya homoni za estrojeni au projesteroni, au protini ya HER2 kwa wingi, na dawa hulenga hapo. Hasi tatu haina hata kimoja. Hukua haraka, huwapata zaidi wanawake wenye umri mdogo, na tamoksifeni, dawa inayozuia estrojeni, haiisaidii. Kwa miaka mingi dawa yake ilikuwa kemotherapi tu.

Marekani, wanawake weusi huipata takriban mara mbili ya wazungu. Wengi waliridhika kusema ni kwa sababu ya weusi wao, nami naona maelezo hayo yalichelewesha mengi. Daktari mpasuaji Lisa Newman na wenzake waliwalinganisha wagonjwa wa Marekani, Ghana na Ethiopia. Kwa Waghana, zaidi ya nusu ya saratani zilikuwa hasi tatu. Kwa Wamarekani weusi, karibu 30%. Kwa Waethiopia, karibu 15%, sawa na wazungu wa Marekani. Mababu wa Wamarekani weusi walitekwa hasa Afrika Magharibi na ya Kati, si Ethiopia.

Mojawapo ya maelezo yanayochunguzwa ni badiliko kwenye jeni ya Duffy. Mwenye badiliko hilo hana protini ya Duffy kwenye seli nyekundu za damu, na vimelea vya malaria aina ya vivax hupata shida kuziingia. Kinga hiyo ililieneza hadi karibu kila mtu wa Afrika Magharibi akawa nalo. Lakini protini hiyohiyo hushiriki katika kuongoza chembe za kinga ya mwili, zikiwemo zinazoingia kwenye uvimbe wa saratani. Tafiti zimeona uhusiano kati ya badiliko hilo na hasi tatu. Uhusiano si hukumu, na wengi sana walio nalo hawaugui kamwe.

BRCA1 ni habari nyingine. Hitilafu ya jeni hii hurithiwa ndani ya familia za kila asili, na saratani nyingi za matiti zinazotokana nayo huwa hasi tatu. Miongoni mwa Wayahudi wa Ashkenazi, yaani wenye asili ya Ulaya ya Kati na Mashariki, takriban mtu 1 kati ya 40 ana hitilafu ya BRCA1 au ya jeni inayofanana nayo, BRCA2. Baba naye huirithisha, kwa hiyo daktari akiuliza historia ya familia, mtajie pia shangazi na bibi wa upande wa baba.