Kodi Ikifutwa, Mali ya Umma Ikiuzwa: Dhana Tano na Ukweli Wake

Marekani kila jimbo lina kodi zake, mbali na zile za serikali kuu, na kila gavana anatafuta cha kumringia mwenzake wa jimbo la pili. Ndiyo maana wimbo wa kupunguza kodi na kubinafsisha huimbwa huko kila uchaguzi, na kila mara kiitikio ni kwamba mwenye mshahara wa kawaida ndiye atakayefaidi. Majimbo kadhaa yamekwisha kujaribu. Tuyaangalie.

Dhana: Futa kodi ya wenye biashara, ajira zitamiminika.

Darasa lake ni Kansas. Mwaka 2012 Gavana Sam Brownback alisaini sheria iliyoshusha viwango vya kodi ya mapato kwa wote, na ikafuta kabisa kodi ya jimbo kwa aina ya biashara ambazo faida yake huhesabiwa moja kwa moja kuwa pato la mwenyewe: mashamba, ofisi za wanasheria, kampuni za mtu mmoja na za ubia. Wakuu walikadiria kwamba biashara kama 200,000 zingenufaika. Zilizojitokeza zilizidi 330,000.

Msishangilie bado. Sehemu ya ongezeko hilo ni watu waliosoma sheria vizuri kuliko walioiandika. Mtaalamu aliyekuwa akilipwa mshahara anajisajili kama kampuni, anakaa kwenye kiti kilekile, anafanya kazi ileile, ila sasa anaita malipo yake "mapato ya biashara". Kodi ya jimbo: sifuri. Dereva wa basi la shule hana ujanja huo. Yeye kodi yake inakatwa kabla hajaushika mshahara.

Halafu likaja suala la pengo. Mwaka 2014 kampuni za kupima uwezo wa wakopaji kulipa madeni, Moody's na S&P zote mbili zilishusha daraja la mikopo la Kansas. Mwaka 2015 kuna wilaya za shule zilizofunga mapema kwa kukosa fedha. Na mwaka huohuo jimbo likapandisha kodi ya mauzo kutoka asilimia 6.15 hadi 6.5, kodi ambayo Kansas iliitoza hata kwenye chakula. Chukua manunuzi ya jikoni ya dola 100: dola 6 na senti 50 zilikwenda kwa jimbo kabla mkate haujafika mezani. Mwenye kipato kikubwa hula sehemu ndogo ya kipato chake, nyingine anawekeza, haiguswi na kodi hiyo. Anayemaliza mshahara dukani anatozwa karibu kwenye mshahara mzima. Kwa hiyo kodi haikuondoka, ilihamia mfuko mwingine.

Waliolizika jaribio hilo hawakuwa wapinzani. Bunge la Kansas lilikuwa mikononi mwa chama cha Brownback mwenyewe, Republican, na Juni 2017 lilirudisha kodi hizo licha ya kura yake ya turufu.

Dhana: Bila vivutio vya kodi na fedha, kampuni isingekuja.

Wakati mwingine ni kweli. Mchumi Timothy Bartik wa Taasisi ya Upjohn alipitia tafiti nyingi za suala hili mwaka 2018, akakadiria kwamba vivutio huamua asilimia 2 hadi 25 tu ya maamuzi ya kampuni kuhusu mahali pa kujenga au kupanua. Kwa maneno mengine, hata ukichukua kadirio la juu kabisa, robo tatu ya waliolipwa ili waje wangekuja bila kulipwa. Wanafuata barabara, mafundi, soko, umeme wa uhakika.

Dhana: Msamaha wa kodi ni fedha ambazo hatukuwa nazo, kwa hiyo hatujapoteza kitu.

Hapa ndipo wengi wetu hudanganyika, kwa sababu neno "msamaha" linafanya tufikirie deni lililofutwa. Mwaka 2017 Wisconsin, chini ya Gavana Scott Walker, iliahidi kampuni ya elektroniki ya Foxconn kifurushi cha takriban dola bilioni 3 ili ijenge kiwanda cha vioo vya skrini katika kijiji cha Mount Pleasant na kuajiri watu hadi 13,000. Gawanya mwenyewe: zaidi ya dola 200,000 kwa kila ajira.

Sasa angalia namna ya kulipa. Viwanda vya Wisconsin vilikuwa tayari havilipi karibu chochote cha kodi ya mapato ya jimbo, kutokana na nafuu nyingine iliyokuwapo. Utamsamehe nini asiyedaiwa? Kwa hiyo sehemu kubwa ya kifurushi ilipangwa kulipwa kwa hundi kutoka hazina ya jimbo. Kodi za mwalimu na fundi bomba zingekusanywa, zikapelekwa kiwandani. Ofisi ya bajeti ya bunge la jimbo ilikadiria kwamba fedha hizo zisingerudi kabla ya 2043. Na kijiji chenyewe kilinunua nyumba na mashamba ya watu kupisha mradi, kikakopa na kujenga barabara na mabomba.

Kiwanda kile kikubwa hakikujengwa. Mwaka 2021 Gavana Tony Evers alijadili upya mkataba ukashuka hadi dola milioni 80 kwa ajira 1,454. Mkataba wa awali ulikuwa na kifungu kizuri kimoja, hakuna ajira hakuna hundi, na kifungu hicho ndicho kilichookoa hazina. Waliobomolewa nyumba hakikuwasaidia.

Dhana: Sekta binafsi hufanya kazi ileile kwa gharama ndogo.

Gharama ndogo, sawa. Hiyo "ileile" ndiyo yenye mushkeli. Michigan ilikabidhi majiko ya magereza kwa kampuni ya Aramark mwaka 2013, na watumishi wa jimbo wapatao 370 wakapoteza nafasi zao. Akiba ilitoka hasa hapo: badala ya mpishi mwenye mshahara wa serikali na pensheni, analetwa anayelipwa kidogo na asiyekaa. Kilichofuata ni funza jikoni, upungufu wa chakula, wafanyakazi kufukuzwa mfululizo, na faini. Kampuni ya pili ikaletwa, matatizo hayakuisha. Mwaka 2018 jimbo likaamua kurudisha watumishi wake.

Mauzo ya mali yana hesabu nyingine. Desemba 2008 Chicago ilikodisha mita zake za maegesho, kama 36,000, kwa miaka 75 kwa dola bilioni 1.15, kwa kundi la wawekezaji likiongozwa na benki ya Morgan Stanley. Madiwani walipiga kura 40 kwa 5 siku mbili baada ya mpango kutangazwa. Nani anasoma mkataba wa miaka 75 kwa siku mbili? Mkaguzi wa jiji alikuja kusema mita hizo zilikuwa na thamani ya takriban dola milioni 974 zaidi. Mitaa mingi saa moja iliyokuwa senti 25 ikawa dola 1, na jiji likifunga barabara kwa tamasha au matengenezo linapaswa kumfidia mwekezaji kwa nafasi zilizokaa bure.

Lakini si kila anayeuza hupunjwa. Indiana ilikodisha barabara yake ya kulipia mwaka 2006 kwa dola bilioni 3.8, ikatumia fedha hizo kujenga barabara nyingine, na mwaka 2014 aliyeikodi ndiye aliyefilisika.

Dhana: Basi nafuu zote za kodi ni za matajiri.

Hapana. Ipo nafuu ya kodi kwa mapato ya kazi, ya serikali kuu tangu 1975, na majimbo mengi yana nyongeza yake. Hupewa anayefanya kazi kwa kipato cha chini, na kama kodi yake ni ndogo kuliko nafuu, anarudishiwa tofauti kwa fedha taslimu. Utaratibu ni uleule wa hundi ya Foxconn, ila huyu anazipeleka kwenye pango la nyumba na viatu vya watoto.

Wisconsin nayo ina nyongeza hiyo. Mwaka 2011 jimbo liliipunguza: familia ya watoto watatu au zaidi ilishushwa kutoka asilimia 43 ya kiwango cha serikali kuu hadi 34, ya watoto wawili kutoka 14 hadi 11. Sababu iliyotolewa ilikuwa kubana bajeti. Gavana aliyesaini alikuwa Scott Walker.