Tofali la kulaza au la kusimamisha? Kabla hujaamua, tazama jua la magharibi

Swali ninaloulizwa zaidi na watu wanaoanza kujenga Dar es Salaam, hata kabla ramani haijakamilika, ni hili: nilaze tofali au nisimamishe? Wengi wameshaambiwa na fundi au jirani kwamba ukuta wa kulaza unaleta ubaridi ndani. Kama msanifu majengo, naomba tufanye hesabu kwanza, maana pesa inayozungumzwa hapa ni nyingi.

Tofali letu la kawaida la saruji na mchanga lina urefu wa inchi 18, kimo cha inchi 9 na upana wa inchi 6. Ukilisimamisha, ukuta unakuwa na unene wa inchi 6, na mita moja ya mraba inakula takriban tofali 9. Ukililaza, unene unakuwa inchi 9 na mita hiyo inakula takriban 13, na saruji ya kujengea nayo inaongezeka. Unachopata ni inchi 3 za unene. Tofali la saruji hupitisha joto kwa urahisi sana, kwa hiyo uwezo wa inchi hizo 3 kuzuia joto unalingana na ule wa povu jeupe, lile linalokuja ndani ya boksi la televisheni, lenye unene usiofika hata milimita 3.

Unene wa tofali unachofanya hasa ni kuchelewesha joto. Ukuta unaotazama magharibi hupigwa na jua kali kuanzia saa nane mchana, na kilele chake ni kwenye saa kumi. Joto hilo huchukua masaa manne au matano kupenya ukuta wa inchi 6 uliopigwa lipu pande zote mbili. Maana yake linafika ndani saa mbili au saa tatu usiku, watoto wanapoingia kulala. Ukilaza tofali, unalisogeza hadi saa nne au saa tano. Mtu aliyelipa zaidi anapelekewa joto kitandani kwake usiku ameshalala!

Dodoma hali ni nyingine kabisa. Kule usiku hupoa vizuri, unafungua madirisha, ukuta mnene unapoa na kesho yake unakaa muda mrefu kabla haujapata moto. Wagogo walilijua hilo zamani; tembe yao ina kuta nene za udongo na paa la udongo juu. Dar mwezi wa pili, hata alfajiri joto huwa karibu digrii 25 na hewa imejaa unyevu. Ukuta mnene unakosa nafasi ya kupoa.

Najua nitaulizwa kuhusu Mji Mkongwe wa Zanzibar, wenye kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zinazofika nusu mita na zaidi. Tembea vichochoroni mchana uone: nyumba zimekaribiana, zinatiliana kivuli, na jua hugusa kuta nyingi kwa muda mfupi tu. Dari ziko juu na vyumba vinapitisha upepo. Unene wa ukuta unafanya kazi kwa sababu ukuta wenyewe umekingwa. Nyumba ya peke yake katikati ya kiwanja Kigamboni haina kinga hiyo.

Kwa hiyo kwa pwani ninashauri hivi. Simamisha tofali, halafu peleka fedha iliyobaki kwenye kivuli na kwenye dari. Pande ndefu za nyumba zitazame kaskazini na kusini, ili madirisha yapokee upepo wa kaskazi na wa kusi. Upande wa magharibi weka stoo, bafu, jiko au ngazi. Kama lazima chumba kiwe huko, kijengee baraza pana, kwa sababu jua la jioni limeinama na ukingo wa paa wa sentimita 60 unakinga kipande kidogo tu cha juu ya ukuta. Mti nao unasaidia sana, na rangi nyeupe inarudisha sehemu kubwa ya jua kabla halijaingia kwenye tofali.

Dari ndiyo sehemu ninayoisisitiza kuliko ukuta. Bati juani hupita digrii 60, na joto lote hilo hushuka mchana kutwa. Karatasi ya foili chini ya bati ni kihami (kizuia joto) cha bei nafuu, lakini iachiwe nafasi ya hewa upande unaong'aa. Ikibanwa juu na chini ikagusana na vitu, inakuwa bati lingine tu. Acha pia matundu yenye wavu chini ya ukingo wa paa ili hewa ya moto itoke.

Njombe na Makete, kwenye nyanda za juu zenye baridi, mpangilio unageuka. Unataka jua liingie mwezi wa sita, na wakati huo linapita upande wa kaskazini, basi madirisha makubwa yakae huko. Tofali za kuchoma zinatosha kwa ukuta. Ziba mianya ya milango na uweke kihami juu ya dari.

Limebaki suala la viyoyozi. Video nyingi za ujenzi zinatoka Ulaya, na zinaonyesha karatasi ya nailoni ikiwekwa upande wa ndani wa kihami. Kule ni sahihi, kwa sababu wakati wa baridi mvuke hutoka ndani kwenda nje. Dar, kwenye chumba chenye kiyoyozi, mvuke unatoka nje kuja ndani. Mvuke huo ukikutana na nailoni iliyopoa, au karatasi za plastiki za kupamba ukuta, unageuka maji na nyuma yake panaota ukungu. Kinga ya mvuke, yaani nailoni hiyo, iwe upande wa nje wa kihami, na uso wa ndani upakwe rangi ya maji inayoruhusu ukuta kupumua.