Maji maangavu hayathibitishi kwamba tangi liko tayari kupokea samaki

Ujumbe unaosambazwa mara kwa mara katika makundi ya wafugaji wa samaki wa mapambo hudai kwamba maji ya tangi la matumbawe yakishakuwa maangavu, samaki wote watiwe siku moja ili wasigombanie maeneo. Dai hilo si sahihi. Amonia, sumu inayotokana na kinyesi na mabaki ya chakula, haina rangi, na bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi, huhitaji wiki kadhaa kuongezeka juu ya mawe. Bakteria hao wakizidiwa ghafla na taka za samaki wengi, samaki huonekana wakihema karibu na uso wa maji. Kipimo cha matone, ambacho rangi yake hulinganishwa na kadi, ndicho cha kuaminiwa: amonia na nitriti ziwe 0 kabla ya kila samaki mpya kuingia.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba samaki aliyetangulia kweli hulinda eneo lake. Hata hivyo, ugomvi huo hupunguzwa kwa kutanguliza wapole na kuwachelewesha wakali, huku samaki-vipepeo, ambao wengi wao hudonoa matumbawe yenyewe, wakiachwa kabisa. Ukiupokea ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.